Nywele Nyeupe za Mama Mokami

Miaka ile dhahabu ilipowavuta watu Nyakunguru kutoka kila upande, vijana wengi wa machimboni waliacha nywele ziote. Wengine walijiwekea nadhiri ya kutokata mpaka duara lao, yaani shimo la kuchimbia, liteme dhahabu, wengine waliona tu kwamba dredi zinawapendeza, na wote walitoka chini ya ardhi vichwa vimejaa vumbi. Gati aliishi kwa vichwa hivyo. Alikuwa na kiti cha plastiki, beseni na turubai la kivuli kando ya njia iendayo Nyamwaga.

Katika kazi hiyo aliingizwa na msiba. Mume wake, Mniko, alifukiwa na udongo ndani ya duara wakati wa masika, naye Gati akiwa na mimba ya kwanza. Matanga yalipokwisha, shemeji zake waliitisha kikao kujadili nani amrithi mjane. Ng'ombe waliotolewa mahari walitajwa, na shamba la migomba likatajwa. Mama mkwe wake, Mokami, alikuwa amenyolewa kichwa chote kwa ajili ya msiba, na macho yalikuwa yamemvimba kwa kulia. Aliinuka akawaambia wanawe kwamba Gati hagawiwi. Atakaa kwake, atazaa kwake, na siku akitaka kuolewa atasema kwa mdomo wake mwenyewe. Walinung'unika, lakini hakuna aliyethubutu kubishana na mama yao.

Gati alijifungua mtoto wa kike, akaitwa Nyangi. Riziki alianza kuitafuta kwa kuponda mawe ya dhahabu kwa nyundo pamoja na wanawake wengine, mtoto mgongoni, mpaka vumbi likambana kifua. Kusuka nywele za kawaida alikujua tangu shuleni. Dredi hakuzijua, na hakuna mchimbaji aliyekubali kichwa chake kiwe cha kujifunzia. Mokami aliposikia hayo alivua kitambaa cha kichwani. Nywele zilikuwa zimeota upya tangu siku ya kunyolewa, nyeupe zote.

"Jifunzie hapa," alisema. "Mimi siendi popote."

Gati alidhani ni utani. Mokami alikuwa kiongozi wa kwaya ya akina mama, na pale kijijini dredi zilihesabiwa mambo ya wavuta bangi. Lakini mama mkwe alikaa kwenye kigoda akamgeuzia kisogo. Tangu hapo, kila Jumapili baada ya ibada, walikwenda nyuma ya nyumba, Gati akasokota, akakosea, akafumua, akaanza tena. Mokami alisinzia katikati ya kazi na hakulalamika hata alipovutwa. Akienda kanisani alifunga kitambaa chake vizuri, na hakuna aliyejua kilichokuwa chini yake.

Gati alikwishapata wateja wa kutosha aliposikia kwamba Tarime mjini kuna semina ya wasusi wa dredi, siku ya kwanza mafunzo ya vitendo, siku ya pili mashindano. Aliyeiandaa alikuwa Mwantumu, mwenye saluni karibu na stendi, mtu wa hapo hapo Tarime ingawa baba yake alitokea Tanga. Kila msusi alitakiwa aje na mtu wa kumsuka siku ya mashindano. Gati alipatana na Sylvester, kijana wa machimboni mwenye dredi za kufika mabegani, naye akaahidi kufika asubuhi na mapema. Mokami akasema na yeye atakwenda, amshike Nyangi.

Ukumbini kulikuwa na wasusi kutoka Sirari, Mugumu na hata Kenyamonta. Mwantumu hakuwa mtu wa hotuba. Alipita kiti kwa kiti, anashika mkono wa mtu, anaupeleka anavyotaka. Alipofika kwa Gati alimtazama kwa muda, kisha akamshika kiganja.

"Mikono yako ni mizuri," alimwambia, "ila unakaza mno kwenye shina. Unamfunga mtu kama unafunga ndama."

Gati alikuwa amejiuliza siku zote kwa nini dredi za mbele za wateja wake hukatika. Alilaumu vumbi, alilaumu kofia za kazi. Sasa Mwantumu alimwonyesha jinsi ya kulegeza shina, na jinsi ya kuunganisha dredi iliyokonda na jirani yake ili zibebane. Hakuna mtu aliyewahi kumfundisha kazi hii. Alipata shida kuzuia machozi, akajifanya anatafuta kitana.

Siku ya mashindano Sylvester hakuonekana. Wenzake wote walikuwa wameshaanza kuosha vichwa ndipo simu ya Gati ikaita. Sylvester alisema kwa haraka, huku nyuma yake watu wakipiga kelele, kwamba duara lao limetema tangu alfajiri na hawezi kusogea, amsamehe. Gati hakuweza hata kumkasirikia. Mtu yeyote wa Nyakunguru angebaki pale. Akaanza kurudisha vitu vyake kwenye mfuko.

Mokami alimkabidhi Nyangi kwa mwanamke aliyekaa jirani, akaja akakaa kwenye kiti cha Gati, akafungua kitambaa. Dredi nyeupe zikamwangukia shingoni. Miongoni mwa watazamaji waliojazana dirishani alikuwamo mwanamke wa kwaya yao, na Gati alimwona. Akainama akamnong'oneza mama mkwe kwa Kikurya kwamba watu wa kanisani watajua.

"Wajue," Mokami alisema. "Suka."

Gati akasuka. Nta ya kusokotea aliiacha kwenye mfuko, kwa kuwa huacha manjano kwenye nywele nyeupe, akatumia utomvu wa mshubiri kama walivyozoea nyumbani. Mbele, ambako nywele zilikonda, alilegeza shina na kuunganisha moja na nyingine kama alivyofundishwa. Kisha akazipandisha zote juu, akazizungusha taratibu mpaka zikakaa kama taji, na uso wa Mokami ukaonekana wote.

Mwantumu alipita akikagua. Kwa Mokami alisimama, akatoa shikamoo, akamuuliza dredi hizo zina umri gani.

"Zimeanza kuota tulipomzika mwanangu," Mokami alijibu. "Huyu ni mke wake. Zimekua mikononi mwake."

Mwantumu akaendelea na kiti kinachofuata.

Ushindi ulikwenda kwa Shamimu wa Mugumu, na kwa haki, maana kazi yake ilikuwa ya ajabu. Gati alikuwa wa pili, akazawadiwa mashine ya kukaushia nywele. Kilichomfurahisha zaidi ni kwamba Mwantumu alimkaribisha saluni kwake siku zote za gulio, waendelee kufundishana.

Kijijini habari zilikuwa zimewatangulia. Mokami aliambiwa apumzike uongozi wa kwaya. Gati aliumia, akachukua mkasi akamwomba azikate yaishe, lakini Mokami alikataa. Alikwenda kanisani kichwa wazi, akakaa mstari wa nyuma, akaimba vile vile. Baada ya muda wenzake waliona kwaya inapwaya bila sauti yake, wakamrudisha wenyewe. Mmoja wao ni yule aliyekuwa dirishani, naye sasa husukwa na Gati.

Hatimaye saluni ya Gati ilifunguliwa Nyamwaga, chumba cha matofali chenye vioo viwili. Siku hiyo Mwantumu alikuja na biriani kutoka mjini, na Sylvester alikuja na shati zuri, ingawa dhahabu yake ilikuwa imekwisha zamani. Gati alipoombwa aseme neno alimshukuru Mwantumu kwa kumlegeza mikono, akamshukuru na Sylvester kwa kutofika Tarime, watu wakacheka. Kisha akamgeukia mama mkwe wake. Akapiga magoti mbele yake, akaishika mikono yake, akabaki hivyo.

Mokami akamvuta begani.

"Inuka, mwanangu," alisema. "Wageni wana njaa."

Wakaingia ndani wote wawili kupakua chakula.