Majani ya Stafeli na Presha ya Baba

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hata leo nikiikumbuka viganja vyangu hulowa jasho. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mitatu, karani wa kupiga chapa katika ofisi moja mjini, nikiishi na baba yangu katika mtaa wa Ziwani. Mama alikuwa amefariki. Baba alikuwa mchonga vinyago kutoka Ukambani, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa. Sikuwa na mwingine.

Baba alikuwa na presha. Kliniki walimpa vidonge vya kila siku, naye alivimeza akinung'unika kwamba vinamchosha. Mimi nilijawa na hofu. Akichelewa kurudi kutoka kazini, nilisimama mlangoni nikihesabu watu wanaopita. Na mwenye hofu hushika lolote; mfa maji haachi kutapatapa.

Ofisini nilikuwa na rafiki, Mwanaidi, mtu wa Kwale. Akaniambia kwao wazee wenye presha hunywa maji ya majani ya mstafeli. Aliporudi kutoka likizo akaniletea fungu la majani na matunda matatu ya stafeli, yale makubwa ya kijani yenye miiba laini. Simlaumu, mwanangu. Hakujua kwamba baba alikuwa na vidonge vyake, na mimi sikumwambia.

Nikaanza na kikombe kimoja asubuhi. Siku ya nne baba akasema, "Mama," maana ndivyo alivyozoea kuniita, "leo kichwa chepesi kweli." Nilifurahi, nikaongeza kikombe cha mchana, kisha cha jioni, na gilasi ya maji ya tunda juu yake. Mchovya asali hachovyi mara moja. Na vidonge vyake aliendelea kuvimeza. Kumbe ule wepesi wa kichwa ndio uliokuwa ukituonya, nami nikauita uponyaji.

Jumamosi moja, saa nne asubuhi, baba alikuwa kibarazani akipiga msasa kinyago cha twiga. Mimi nilikuwa bombani nikifua. Nilimwona akiinuka, akashika ukuta, kisha nikasikia kishindo. Nilipomfikia, uso ulikuwa umepauka, ngozi baridi kama ya samaki, na mkono wake wa kulia umekunjika chini yake. Nilipiga mayowe. Jirani yetu Mama Wanjiru, mama mtu mzima aliyeuza mboga, akatupa kisu chake akaja mbio. Yeye ndiye aliyesimamisha teksi; nikachukua vidonge vya baba, tukampeleka hospitalini.

Daktari akampima, akapima tena. "Presha imeshuka sana," akasema. "Mzee anatumia nini zaidi ya hivi vidonge?"

Mwanangu, nililijua jibu. Niliogopa kuambiwa nimemuua baba yangu. Nikasema, "Hakuna kitu, daktari."

Wakaanza kutafuta. Moyo, damu, sukari. Kila muuguzi aliyepita na karatasi, nilimfuata kwa macho. Baba alikuwa akiguna tu, macho yamefumbwa. Mama Wanjiru akanivuta hadi kwenye korido.

"Mwende, yale majani unayochemsha kila siku, yale yananukia hadi kwangu. Ni ya nani?"

Nikaanza kulia.

"Usinililie mimi," akasema, na hakupandisha sauti. "Huyo daktari anapapasa gizani, na taa umeificha wewe. Aibu utaiosha kesho. Baba yako utamtoa wapi?"

Nilirudi nikamweleza daktari yote: majani, vikombe, maji ya tunda. Hakunigombeza. Aliuliza vikombe vingapi na siku ngapi, akaandika haraka. Kisha akauliza, "Na mbegu?"

"Nimezianika dirishani. Nilitaka kuzisaga."

Akaacha kuandika. "Ukifika nyumbani zitupe. Mbegu zile zina sumu."

Akanieleza kwamba majani yale hushusha presha, na vidonge hushusha presha; nilikuwa nimevirundika pamoja juu ya mwili wa mzee mmoja. Wakasimamisha vidonge siku hiyo, wakamwekea dripu, nasi tukangoja. Alasiri baba akafumbua macho, akanitafuta, akauliza, "Umekula?"

Alipona, Mungu ni mwema. Lakini kifundo cha mkono kilikuwa kimevunjika, na kiliunga vibaya. Alirudi kwenye uchongaji, ila kazi nyembamba ya macho na midomo ya vinyago aliwaachia wengine. Hakunilaumu hata siku moja. Heri angenilaumu.

Siku hizi nakaa mtaa wa Donholm, na wiki haipiti bila mtu kunionyesha kwenye simu kwamba stafeli inaponya saratani, inaponya sukari, inaponya kila kitu. Roho yangu haitulii. Stafeli ni tunda zuri, mwanangu. Likiiva, toa mbegu, ule nyama yake kwa raha. Lina vitamini na hulainisha tumbo. Lakini tunda la mezani ni jambo moja, na majani ya kuchemsha kila siku ni dawa, na dawa ina kipimo. Ukiwa na vidonge vya presha au sukari, uliza kwanza. Ukiwa mjamzito, uliza kwanza. Usiyanywe miezi na miezi, maana wataalamu wanahofia kwamba yanaweza kudhuru mishipa ya fahamu. Na mgonjwa wa saratani asiache matibabu yake kwa sababu ya ujumbe wa simu. Haijathibitishwa kwamba tunda hili linaiponya.

Zaidi ya yote, daktari akikuuliza mgonjwa amekunywa nini, sema. Sema hata kama sauti inatetemeka, hata kama kosa ni lako. Mficha maradhi kifo humuumbua, nami nilibakiza kidogo sana kuumbuliwa.

Mungu akulinde wewe na wale unaowauguza. Akupe subira ya kuuliza kabla ya kutenda, na akupe ujasiri wa kukiri mapema, wakati bado kuna wa kuokolewa. Amina.