Video ya mazishi iliganda kwa mtu mmoja tu, ikamponza

Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni. Hapa siongezi chumvi, nimechoka mno hata kutunga siwezi.

Mimi ni mpiga video Mbinga mjini. Harusi, kipaimara, misiba, zote nabeba.

Majuzi nilirekodi mazishi ya mzee mmoja kule Namswea. Familia ikataka video waitazame pamoja baada ya misa ya arobaini.

Nikaexport H.265, mfumo mpya mzito kwa TV nyingi, quality juu kabisa, bitrate, yaani data ya kila sekunde, sikuiwekea kikomo. Kwenye laptop yangu ikacheza safi. Nikakabidhi flash nikaenda zangu.

Siku yenyewe, ukoo mzima sebuleni, TV ikaganda, ikajizima. Wakaiwasha. Ikazima palepale.

Kila ikifika pale Osmund, mdogo wake marehemu, anapochukua koleo atupie udongo, giza!

Shangazi mmoja akasema bila kuficha, "Marehemu hataki kumwona."

Jamani. Kauli moja tu hiyo, macho yote yakamgeukia. Osmund akainuka, akachukua koti lake, akashuka Mbamba Bay. Hajaaga mtu.

Mjane akanipigia: "Mwanangu, hiyo video yako imetuvuruga."

Nikaifungua file. Pale Osmund anaposhika koleo ndipo mvua ilipoanza. Mvua kwenye video ni balaa wakuu, kila tone linatembea, bitrate ikapaa, TV yao ya kawaida ikashindwa.

Mvua tu. Hii hii ya kwetu inayotulowesha kila mwaka.

Nikarender upya, H.264 ya zamani ambayo TV nyingi zinaimudu, bitrate nimeibana. Nikapeleka mwenyewe, nikakaa nao.

Safari hii ikapita. Watu wanaonekana wanakimbilia turubai, na mimi nilikimbia nao, kamera nimeiacha kwenye stendi chini ya mwavuli. Osmund kabaki. Katupa udongo, kapiga magoti kwenye tope, analia peke yake mpaka mabega yanatikisika.

Hakuna aliyekuwa amemwona siku ile.

Shangazi akajifunika khanga usoni. Mjane akasema, "Mpigieni shemeji yangu arudi nyumbani." Simu ikaita mpaka ikakata.

Kipande hicho nimemtumia Osmund WhatsApp. Tiki za bluu nimeziona. Jibu hakuna, na roho inaniuma.

Somo: wekeni kikomo cha bitrate, na jaribuni kwenye TV ya mteja kabla hamjaondoka. Mimi nimejifunza kwa kuchafua jina la mtu.

Wataalamu wa settings karibuni, mnikosoe. Ila kama kuna anayejua Osmund aambiwe nini ili arudi, naomba huyo aanze kuchangia.