Kovu la Shujaa

Katika kiwanda cha mikate kila mtu huja kazini na viatu vilivyochoka, maana unga hauna adabu. Kila mtu isipokuwa Shujaa. Yeye hufika na viatu vya kisigino vinavyong'aa, akavivua mlangoni, akavitia kwenye mfuko wa kitambaa, ndipo akavaa raba za kazi na kwenda kusimama mbele ya tanuri. Ana miaka hamsini na miwili, ameoka mikate tangu ujana, na ulimi wake ukikupata siku mbaya utajuta kuzaliwa.

Jina la Shujaa hakujipa. Alipewa akiwa na miaka kumi na mmoja, nyumba yao iliposhika moto naye akatoka kwenye moshi amembeba mdogo wake wa miaka mitatu. Mtoto hakuungua hata unywele. Dada mtu alibaki na kovu nene linaloanzia chini ya sikio la kushoto, likashuka shingoni na kumvuta pembe ya mdomo. Tangu hapo, iwe harusi au msiba, lazima aitwe mbele. "Shujaa, geuka kidogo wakuone." Naye hugeuka. Watu hufuta machozi, halafu wanaenda kula. Miaka arobaini na moja amegeuzwa kama trei ya mikate, na hakuna aliyemuuliza kama amechoka.

Mwaka jana mteja mmoja akamwambia kuwa hospitali kuu imepata daktari wa upasuaji anayerekebisha makovu. Shujaa akaenda bila kumuaga mtu. Daktari, binti wa umri wa kuwa mwanawe, alilipapasa kovu na kumweleza ukweli, hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kovu halifutiki kabisa. Atalikata lile gumu, aulegeze mdomo, kisha ashone upya kwa mstari mwembamba wa kupindapinda, na wekundu wake utachukua kama mwaka kutulia.

"Nishone," akasema Shujaa.

Nesi aliyejaza fomu alikuwa na huruma zake. "Mama, hapa kwenye sababu niandike kwamba linakuuma? Ndugu hawatakusumbua."

"Haliumi."

"Basi tuseme linawasha?"

"Mwanangu, andika silipendi. Tena andika kwa herufi kubwa."

Habari ikafika nyumbani kabla yake. Mama yao, kikongwe asiyetoka tena kitandani bila mkongojo, alilia kama kafiwa. "Unataka kufuta wema wako? Kwa umri huo urembo wa nini? Unamtafuta nani?"

"Najitafuta mwenyewe, mama."

Mdogo wake akaja na suti yake mpya. Alikuwa ndiyo kwanza ameteuliwa mwalimu mkuu, na sherehe ya kumpongeza ilikuwa njiani. "Dada, lile kovu si lako peke yako. Ni la familia nzima. Subiri basi hata sherehe ipite, wageni wote wanaijua ile hadithi."

"La familia? Haya, mgawane. Wewe chukua shingo, mama achukue mdomo, mlale nalo usiku. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, mwalimu."

Alifanyiwa upasuaji wiki sita kabla ya sherehe, makusudi. Tusidanganyane, aliogopa. Walipomsukuma kuelekea chumba cha upasuaji alimlaani kila aliyewahi kumwita jasiri. Lakini siku ya kutolewa nyuzi alipopewa kioo, akauona mstari mwekundu, akajaribu kutabasamu, na mdomo ukaenda pande zote mbili. Alimwomba nesi amwachie kile kioo kidogo.

Sherehe ilikuwa Jumamosi mchana katika ukumbi wa shule. Mwalimu mkuu alishika kipaza sauti, akashukuru aliowashukuru, kisha mazoea yakamponza.

"Nisingekuwa hapa bila dada yangu. Shujaa, njoo mbele, geuka kidogo wa…"

Alikwama. Dada alikwisha kusimama mbele, na shingoni palikuwa na plasta nyembamba tu. Shujaa akakichukua kipaza sauti mkononi mwa mdogo wake.

"Hadithi hii nimeisikia miaka arobaini na moja. Leo niacheni niisimulie mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeshatoka nje salama. Nikarudi ndani kufuata viatu vyangu vipya."

Mama yao alifunika mdomo kwa upande wa kanga.

"Ndiyo, mama, viatu. Nilikuwa nimeshavishika. Nikasikia mtoto anakohoa chini ya kitanda, nikavitupa, nikambeba. Ningemwacha? Ni mdogo wangu, ningembeba tena leo na kilo zake zote hizo." Wachache wakacheka. Yeye hakucheka. "Mkanivika ushujaa, nikaona aibu kuvua. Kila mliponigeuza niliona aibu upya. Nyinyi mlidhani nina haya ya wema. Yule msichana aliyerudi ndani alipenda kupendeza, na bado anapenda. Sitamwombea radhi kwa yeyote, na hamumgeuzi tena."

Hakuna aliyepiga makofi. Mwalimu mkuu alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Mara ngapi ameisimulia hadithi hii, darasani, kwenye harusi, makaburini, na hata siku moja hakumuuliza dada yake swali lolote kuihusu. Akamsogelea, mbali na kipaza sauti.

"Dada, vilikuwa vya rangi gani?"

Hapo ndipo machozi yalipomtoka Shujaa.

"Vyekundu," akasema. "Vina kifungo pembeni. Sikuwahi kuvivaa."