Maharage ya Maximilla Yaliyoibishia Kompyuta

Jua halijapanda vizuri juu ya Heru Juu, nje kidogo ya mji wa Kasulu, na tayari simu kumi na moja zimelala kwenye ubao wa Maximilla Ndayikunda. Anaipokea ya kumi na mbili, anaibandika karatasi yenye jina la mwenyewe, anaichomeka kwenye waya wa sola. Kisha anachukua punje moja ya maharage na kuidumbukiza kwenye chupa ya plastiki.

Chupa ziko mbili: ya vitochi, zile simu ndogo za vibonyezo, na ya simu janja, ambazo hapa huitwa tachi. Jioni huzimwaga, akahesabu, akaandika kwenye daftari.

"Nilianza ili nijue ninunue pini gani za kuchajia nikishuka Kasulu," anasema mama huyu wa watoto wanne, mwenye miaka 41 na elimu ya darasa la saba. "Mikono imejaa waya, kalamu utaishika saa ngapi? Maharage hapa hayakosekani."

Kuchaji ni shilingi 300. Hakuna aliyedhani kwamba punje hizo zingeketi mezani na wenye kompyuta.

Mjini Kasulu kuna gazeti dogo la mtandaoni liitwalo Umande. Hutoa video, na pia habari za sauti za dakika tatu, ambazo mtu husikiliza kwa kupiga namba bure, hata kwa kitochi. Mwaka huu fedha zilibaki za kuendesha kimoja tu. Kompyuta ilionyesha video zikitazamwa zaidi kila mwezi. Mhariri wa Umande, Elie Nsabimana, aliposikia habari za chupa, alimwita Maximilla aje na hesabu ya kijijini.

Kwa Maximilla, hilo halikuwa jambo la kupita. Mama yake, Apoline, mwenye miaka 73, hana simu. Kila asubuhi hukaa kwenye benchi la kibanda na kusikiliza habari kwa kitochi cha binti yake. Ni sauti hiyo iliyomweleza dalili za ugonjwa wa mihogo, akang'oa mashina mabovu kabla shamba lote halijaharibika.

"Ikifungwa, mama atabaki kuulizauliza njiani," anasema.

Alipanda bodaboda na daftari lake kifuani. Hesabu ya miezi mitatu ilisomeka hivi: vitochi 1,204, simu janja 1,310.

"Basi tumemaliza, mama. Tunahamia video," Elie alimwambia.

Maximilla alifunga daftari. Maharage yake mwenyewe yalikuwa yamemfungia mama yake habari. Aliaga, akafika mlangoni. Hapo Elie akachomeka simu yake ukutani huku akinung'unika kwamba aliijaza asubuhi tu.

Maximilla akageuka. "Kaka, hiyo tachi unaichaji mara ngapi?"

"Kila siku. Wakati mwingine mara mbili."

"Ego," akaitikia kwa Kiha, yaani ndiyo. "Na mimi kitochi changu ni Jumapili mpaka Jumapili."

Akarudi mezani na daftari. Maharage yalikuwa yamehesabu chaji, si watu. Niyubahwe, fundi cherehani mwenye simu janja, huileta kila siku. Peke yake alikuwa amejaza punje karibu tisini. Bibi mmoja mwenye kitochi alikuwa na kumi na mbili.

Elie alifungua kompyuta upya. Nayo ilikuwa vilevile: watazamaji walewale, wakirudi na kurudi.

"Nimesomea kazi hii miaka mitatu," anasema, akitikisa kichwa hadi leo. "Sikuwahi kujiuliza hilo. Nilishikwa na mshangao, na aibu kidogo."

Ni vigumu kutoshangaa. Mwezi uliofuata Maximilla alihesabu upya, kila mtu punje moja tu hata aje mara ishirini. Watu walikuwa 168. Wenye vitochi 129, wenye simu janja 39.

Sauti ikabaki. Lakini Maximilla hakukubali kushangilia. Alimwambia Elie kwamba kila baada ya mavuno watu hununua tachi, hivyo hesabu irudiwe kila msimu.

"Siku tachi zikizidi kweli, nitasema, hata kama mimi mwenyewe inaniuma," anasema.

Sasa anataka wachaji simu wa Gwarama na wa karibu na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu waanze kuhesabu kama yeye, ili Umande ijue kila eneo linahitaji nini. Na kwenye ubao wake ameongeza chupa ya tatu, ya wasio na simu wanaokuja kusikiliza tu.

"Hao kompyuta haiwaoni kabisa," anasema.

Habari za asubuhi zinakwisha. Apoline anarudisha kitochi, ananyoosha mkono kuomba punje yake, anaidumbukiza mwenyewe.

"Na mimi nimo," anasema, na kuondoka kwenda shambani.