Mkeka Uliosukwa Edani

Mimi, niliyeishia darasa la nne, nimejenga nyumba tatu Masoko, zote za madirisha mapana; kaulizeni. Lakini nikinusa ukindu uliochemshwa na rangi, namkumbuka mama akikaa eda ya baba chumba cha ndani, akisuka mkeka kwa mwanga wa kitundu kimoja ukutani.

Nilifungua mlango ili aone vizuri.

"Mama, mbona umetia weusi mtupu?"

"Ningekuwa uani ningesuka wa harusi. Humu unatoka huu. Funga, babaangu."

Nikafunga, nikakaa. Gizani nilisikia ukindu ukikwaruzana vidoleni mwake, polepole, bila kukosea. Na mimi, niliyekaza uso makaburini mbele ya wanaume wote, nikalia.