Bango la Mikono Miwili Lilipofika Konde

Mkinisikia nasema nafanya kazi ya afya, tafadhali msiniletee matumbo yenu. Jirani zangu hapa Unguja hawajanielewa mpaka leo. Kila nikirudi kutoka kazini namkuta mtu mlangoni ameshanyoosha mkono nimpime. Taasisi yetu haipimi mtu wala haichomi sindano. Inaendeshwa kwa kodi zenu ili iwaambie watu namna ya kujikinga na maradhi: tunatunga ujumbe, tunauchora, kamati inaupitisha, tunaupeleka vijijini kuujaribu, ndipo unachapishwa na kubandikwa. Kwa ufupi nalipwa kwa kusema, na mama yangu anasema serikali hapo imepata mtu wake.

Kilichonipeleka Pemba ni bango la presha. Mwanzo lilikuwa na bibi na mjukuu wake, mjukuu anampa bibi kidonge. Kamati ikakaa. Mmoja akasema bibi kajifunga mtandio wa watu wa mjini, wa shamba watajiona si wao. Mwingine akasema mjukuu ana kucha ndefu. Wa tatu akataka kujua baba wa mtoto yuko wapi. Mpaka vikao vinakwisha mchoraji kachoka, akavikata vichwa vyote, ikabaki mikono miwili, mmoja unatoa kidonge na mwingine unapokea, na maneno chini: "Presha ina dawa. Tujaliane." Kamati ikapitisha palepale, maana mikono haina baba wa kuulizwa. Maneno yale niliyatunga mimi, na sifichi, nilikuwa nayapenda mno. Ilibaki kulijaribu Pemba, tena haraka, kwa kuwa mwaka wa bajeti ulikuwa unakaribia kufungwa. Bango lisipochapishwa wiki ile, fungu lake linarudi hazina.

Mkoani nilishuka kwenye boti asubuhi, bango limeviringishwa ndani ya kipande cha bomba la plastiki. Mchukuzi mmoja aliniuliza kama mie ni fundi wa maji. Nikamwambia ni fundi wa maneno, akaniangalia kwa huruma, akaenda kumtafuta mwenye mizigo. Faki alikuwa ananisubiri kwenye gari ya ofisi. Huyu ndiye afisa wetu wa Pemba, kijana mrefu, mpole, anayeweza kukaa na fikra yake toka Mkoani mpaka Wete bila kuitoa.

Mtambile tulisimama mbele ya duka, wazee wamekaa ukutani kwenye kivuli wanaongea. Salamu peke yake zilichukua muda wa kupika chai. Tuliulizana nyumbani, watoto, kazi, mvua, tukarudi tena nyumbani. Mwisho nikalifungua bango na kuuliza maswali yetu ya kawaida.

"Mnaona nini?"

"Mikono," wakasema.

"Linawaambia mfanye nini?"

"Tuhurumiane," alijibu mwenye duka. "Mtu akiwa na kitu, ampe mwenziwe."

"Na mnalipenda?"

"Mashaallah. Nani asiyelipenda?"

Roho yangu ikatulia. Nilikunywa kahawa yao, nikapiga picha, nikarudi garini nikijiona mtu. Faki aliendesha mpaka tukaiacha mikarafuu ya Mtambile nyuma.

"Dada Rukia," akasema, "huku mgeni hatumwambii kitu chake kibaya."

"Sasa mbona hukuniambia kulekule?"

"Na weye mgeni."

Nilimwambia asiniharibie siku. Tulipopita Wete nikamtumia ujumbe mkuu wangu wa kitengo kwamba Mtambile limepita vizuri, imebaki Konde, aanze kuzungumza na mchapishaji. Akajibu kwa kidole gumba na ua.

Konde tuliingia kabla ya alasiri. Faki alikuwa amenipangia nilale kwa shangazi yake, Bi Mwanakombo, mjane, nyumba yake nyuma kidogo ya soko. Yule mama ni mkarimu mpaka unaogopa. Sijavua viatu, nimeshaletewa maji ya dafu. Sijayamaliza, pweza wa nazi huyo. Nikausifu mkeka, nikaona anauviringisha niondoke nao. Toka hapo nikajifunza kusifu hali ya hewa tu. Faki alikuwa amenidokeza njiani kwamba shangazi yake ana presha, na mwaka jana alianguka jikoni wakamuokota hajitambui. Basi nilimtazama kwa jicho la kazi, nikasema moyoni, huyu ndiye mwenyewe. Bango likimfaa Bi Mwanakombo, limefaa Pemba nzima.

Baada ya sala ya alasiri walikuja majirani kumsaidia kuchambua karafuu za mwanzo wa msimu. Kazi yenyewe ni kukaa mkekani na kutenganisha karafuu na makonyo yake, vile vijiti vinavyozishika, mikono inakwenda, midomo nayo inakwenda. Nilikaa kati ya Bi Mwanakombo na Bi Salma, jirani wa ubavuni, mwembamba, macho ameyafinya kama anasoma kitu cha mbali. Wakanicheka vidole vyangu vya ofisini. Bango nililitundika kwenye msumari wa mlango.

Walilipenda kuliko wa Mtambile. Bi Mwanakombo aliacha karafuu, akalisogelea, akaugusa ule mkono unaotoa.

"Hili limesema kweli," akasema. "Nani kakuhadithia mambo yetu?"

"Mambo gani, Bi Mwanakombo?"

"Haya. Huu si mkono wangu, na huu wa Salma? Mie hospitali wamenipa vidonge vya presha. Kwangu mie vinakaa tu, sina kinachoniuma. Salma masikini kichwa hakimpi nafasi. Nifungie vidonge kabatini na jirani yangu analia? Basi nnampa. Kikimshika nnampa kimoja, mara viwili."

"Na huwa kinapoa," alisema Bi Salma kwa heshima. "Ila hunijia kizunguzungu."

"Na weye unameza lini?" nilimuuliza Bi Mwanakombo.

"Vikibaki."

Wenzake wakaitikia kwamba huyu mama ana moyo, hata sahani ya kwanza ya futari hutangulia kwa jirani. Nikajikuta nimeshika konyo moja, silitupi wala siliweki. Nilikumbuka wale wazee wa Mtambile na "ampe mwenziwe." Hawakunidanganya hata kidogo. Wote walikuwa wameniambia vilevile bango linavyosema. Lilikuwa linawaambia watu wagawane dawa za presha, tena kwa maneno yangu mimi, na mama huyu aliyekwisha kuanguka mara moja alikuwa analipigia makofi.

Niliogopa, nasema kweli. Nilitoka uani nikampigia mkuu.

"Usichapishe," nikasema.

"Hawakulipenda?"

"Wamelipenda mno. Ndiyo taabu yenyewe."

Nikamweleza.  Kisha akaniuliza kama ninajua bajeti inafungwa lini, nikamwambia ninajua. Akaniuliza kama ninajua nani ataitwa mbele ya kamati kueleza, nikamwambia hilo ninalijua zaidi. "Basi niletee jingine," akasema, "kabla hazina hawajalitaka fungu lao." Akakata.

Asubuhi ya pili tuliongozana wote kituo cha afya, mimi, Faki na wale kina mama wawili. Bi Mwanakombo alikuwa anacheka njia nzima, akimwamkia kila mtu na kumtambulisha mgeni wake. Muuguzi akamfunga kitambaa cha mashine mkononi, akapima, akamwambia apumzike, akapima tena. Hakupandisha sauti. Alimwambia presha yake iko juu sana, na kwamba kutouma si dalili ya kupona. Alipompima Bi Salma, akamkuta hana presha ya kupanda. Iko chini, na vidonge vya jirani vilikuwa vinazidi kuishusha, ndio kile kizunguzungu. Akamsogezea karatasi yenye herufi akamwambia asome, akashindwa kuuona hata mstari wa juu. Kichwa chote kile kilikuwa kinatoka machoni. Aliandikiwa aende Wete kupimwa miwani.

Bi Mwanakombo hakucheka tena. Njiani alisimama, akamshika mwenziwe mkono.

"Nilikuwa nnakuua, Salma."

"Hukujua."

"Na sasa ukija kwangu unalia, nikwambie sina, na ninavyo? Mie sijawahi kumnyima mtu." Macho yalimjaa maji. "Watasema Mwanakombo kawa mchoyo uzeeni."

Hapo ndipo nilipoelewa kazi ilivyo ngumu. Kumwambia mama kama huyu asitoe ni kumwambia aache kuwa yeye, na hakuna rangi ya bango inayoweza kufanya hivyo. Nilifikiri, sikupata neno. Aliyelipata ni Faki, baada ya kukaa nalo toka kituoni mpaka sokoni.

"Shangazi, mgeni akitoka kwako unamfanyaje?"

"Namsindikiza, nifanye nini?"

"Basi na Bi Salma kichwa kikimuuma, msindikize. Leo umemleta kituoni kwa miguu yako. Umempa kikubwa kuliko kidonge."

Bi Mwanakombo alimpangusa Bi Salma vumbi begani, akaendelea kutembea naye, mkono hajauachia.

Mchana ule nilikaa kwenye mkeka, karafuu pembeni, nikampigia mchoraji. Nilimwambia nataka wanawake wawili watu wazima, wenye vichwa, wameshikana mikono wanaelekea kituo cha afya. Akauliza mitandio waifunge vipi. Nikamwambia afunge anavyotaka, nitapigana na kamati mwenyewe. Maneno yakawa: "Dawa ya presha ni ya mwenyewe. Jirani msindikize kituoni." Jioni mchoro ukaingia kwenye simu, nikauzungusha kwa majirani waliorudi mkekani kuchambua karafuu, na safari hii nilimuuliza kila mmoja bango linamtaka afanye nini, na nikambana mpaka anieleze. Hakuna aliyetaja kugawana. Mmoja alisema wale wanawake ni wanene mno. Nilifurahi sana kusikia lawama.

Jumatano asubuhi gari ilikuja kunichukua, tumpitishe Bi Salma Wete kwa ajili ya macho yake. Mkuu, niliyemtumia mchoro usiku uleule, alikuwa ameshaniandikia kwamba kamati imekubali, ila imeuliza waume wa wanawake wale wako wapi. Katika kazi hii nilikuwa nimezoea kudhani mtu akilipenda bango basi amelielewa. Konde ilinivua dhana hiyo. Sasa mtu akinisifia, naanza kumhoji.

Bi Mwanakombo alinipakilia mkungu wa ndizi, mihogo, mkate wa kumimina na kuku mzima aliyefungwa miguu, ambaye Faki alimtazama kwa wasiwasi mkubwa. Kila nilipokataa aliongeza kitu. Nikaona nimjaribu. Niliegemea mlango wa gari, nikashika kipaji cha uso.

"Bi Mwanakombo, kichwa kinanigonga toka alfajiri. Hebu nipe kimoja cha vidonge vyako nifike nacho."

Mkono wake ulikwenda kwenye pindo la kanga, alikokuwa amevifunga. Ukasimama pale. Alimtazama Bi Salma ndani ya gari, akanitazama mimi, na niliona usoni mwake jinsi lile neno lilivyokuwa linampa tabu kulitoa.

"Hicho sikupi, mwanangu," akasema. "Uniwie radhi. Ningoje nivae baibui nikupeleke kituoni."

Nilimkumbatia nikamwambia kichwa changu kizima, nilikuwa namtania tu.

"Hata kingekuwa kinapasuka," akasema, akilikaza lile fundo la kanga, "nisingekupa."