Maua Meupe ya Bwana Tak

Kwa mujibu wa tangazo namba saba la kituo cha ustawi wa wazee cha mtaa wetu, lililobandikwa mlangoni, ndani ya lifti na, kwa sababu ambazo hazikuelezwa, katika choo cha wanaume, warsha za ufundi za mwaka huu zilikuwa na lengo moja: "kuwajaza wazee furaha ya maisha na kuwaondolea kabisa fikra za kifo." Tangazo lilikuwa na muhuri. Fikra za kifo zilipewa hadi mwisho wa mwezi wa tano ziwe zimeondoka.

Bwana Tak Gwang-sik hakuwa na fikra za kifo. Alikuwa na miaka sitini na saba na fikra za jokofu la kimchi. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa ananing'inia kwa kamba nje ya maghorofa ya jiji la Daegu, akiziba kingo za madirisha kwa silikoni. Siku aliyostaafu alishuka, akaenda moja kwa moja jikoni kwa mkewe na kuanza kuyapanga upya makopo ya kimchi, kabichi yetu ya kuchachua, kwa tarehe. Mkewe, Bi Sun-im, alivumilia wiki tatu.

"Baba Hyeon-u," akamwambia, "chagua mwenyewe. Useremala kule kituoni, au talaka."

Alichagua useremala. Useremala ulikuwa umejaa. Karani akamwandika mahali palipobaki nafasi: kupamba keki, Jumanne na Alhamisi, wanawake kumi na mmoja na yeye.

Keki zenyewe ni hizi zetu za mchele, zinazopikwa kwa mvuke, na maua yake hutengenezwa kwa maharage meupe yaliyopondwa na sukari mpaka yakalainika kama losheni. Mwalimu, binti mpole aitwaye Seol A-ram, alimpa mfuko wa kupambia wenye nozo ya chuma kwenye ncha. Bwana Tak akauminya mara moja, akatulia.

"Mwalimu, hii ni silikoni."

"Ni maharage, Bwana Tak."

"Najua. Lakini ni silikoni."

Akainamisha kifundo cha mkono kidogo tu, kama mtu anayekutana na kona ya dirisha kwenye ghorofa ya ishirini, na petali ikatoka: nyembamba, imesimama, haina hata tone lililomwagika. Akatoa nyingine. Baada ya dakika kumi kulikuwa na ua la krisanthemamu mezani, na wanawake wote kumi na mmoja walikuwa nyuma ya mgongo wake.

"Jamani, mume wangu hata dawa ya meno anaikamulia katikati," alisema mmoja, kwa uchungu usiofichika.

Tangu siku hiyo Bwana Tak hakuligusa tena jokofu. Alikuwa na kazi. Alijizoeza juu ya mabakuli yaliyogeuzwa, juu ya sabuni, juu ya kifuniko cha sufuria ya wali. Siku moja alisimama muda mrefu mbele ya duka la maua, akihesabu petali za krisanthemamu na kunung'unika, mpaka mwenye duka akatoka kumpa pole na kumuuliza mazishi ni lini.

Hapo alipaswa kujifunza kitu. Hakujifunza.

Mwezi wa nne mama mkwe wake, Bi Eom Pil-lye, alikuwa anatimiza miaka themanini. Kwa miaka thelathini bibi huyo hakuwahi kumtaja kwa jina, alimwita "yule wa kamba." Bwana Tak akatangaza kwamba keki ataitengeneza yeye.

"Tengeneza," alisema Bi Sun-im. "Lakini ukiniaibisha mbele ya kaka yangu, hiyo mifuko na hizo nozo zinaondoka humu ndani siku hiyohiyo."

Alikusudia kutumia rangi. Alichanganya ungaunga wa kiazisukari, ukatoa kitu chenye rangi ya ini. Akakitupa. Maharage yaliyobaki yalikuwa kama yalivyozaliwa, na Bwana Tak aliona hayo yanatosha; katika kazi yake rangi ilikuwa jambo la mwenye jengo. Akaanza na ua analoliweza kuliko yote. Alitengeneza arobaini na moja, moja baada ya jingine, pua ikikaribia kuligusa kila moja. Mtu wa kamba halioni jengo. Anaona kile kipande kilicho mbele ya uso wake, na kikiisha anashushwa. Akafunga boksi.

Kwenye chumba cha nyuma cha mgahawa, mbele ya watoto, wajukuu na majirani wawili waliojialika, alifungua kifuniko kwa mikono miwili.

Supu tu ndiyo iliyoendelea kuchemka.

"Shemeji," alisema Du-cheol, kaka wa Bi Sun-im, ambaye kazi yake ni kuuza bima za mazishi, "Mama bado anapumua."

"Baba Hyeon-u!" Bi Sun-im alikuwa mwekundu mpaka masikioni. "Krisanthemamu nyeupe? Haya si maua ya msiba haya?"

Bwana Tak akaitazama keki yake. Ndiyo kwanza alikuwa analiona jengo zima.

"Ni maharage," alisema kwa sauti ndogo.

Mama mkwe aliomba miwani. Akaivaa, akainama.

"Du-cheol, ile bima uliyoniuzia, maua yamo?"

"Yamo, Mama. Ukuta mzima."

"Meupe?"

"Meupe."

"Nitayaona?"

Du-cheol aligeukia supu yake, kama vile imemwita.

"Nakuuliza wewe. Nitayaona? Nitayaonja?"

"Mama, leo ni siku yako ya kuzaliwa jamani..."

"Ndiyo maana nauliza leo. Bwana Tak, nipe hilo kubwa la katikati."

Bi Sun-im alisahau kupumua. Mama yake alikuwa ametamka jina. Bibi akalila ua lote, taratibu, petali kwa petali, huku watu kumi na wanane wakimtazama mdomoni.

"Sukari imezidi kidogo," alisema. "Mengine nifungie nikawaonjeshe wenzangu kwenye ukumbi wa wazee. Bi Ok-bun ana miaka themanini na sita na moyo mbovu, masikini, asije akakosa."

Nozo hazikuondoka. Zina kopo lao sasa, limeandikwa tarehe, ndani ya jokofu la kimchi, na aliyeliweka humo ni Bi Sun-im mwenyewe.

Mwisho wa mwezi wa tano tangazo namba saba lilibanduliwa, na kituo kikaripoti kwamba lengo limefikiwa. Siku hiyo orodha ya Bwana Tak ya walioagiza keki ilikuwa na wazee kumi na tisa, mkubwa wao mwenye miaka tisini na mitatu. Mwalimu alijitolea kumfundisha rangi ya waridi. Wote walitaka meupe.